Ndago Gani Hii? Namna ya Kuutambua Mmea wa Kinamasini kwa Viungo Vyake

Mkulima wa mpunga akiingia jarubani na kukuta mimea membamba ya kijani imechomoza katikati ya miche yake, mara nyingi huiita yote ndago, kisha huishughulikia kwa njia moja: jembe, au dawa ya magugu aliyoelekezwa dukani. Pengine gugu hufa. Pengine baada ya wiki chache hurudi likiwa limeongezeka maradufu, na mkulima akabaki kulaumu dawa. Lakini kabla ya dawa kuna swali ambalo halikuulizwa: hii ni ndago gani? Ipo ndago inayoishi msimu mmoja tu na kurudi kwa mbegu. Ipo pia inayojihifadhi ardhini kwa viazi, na hiyo ukiikatakata kwa jembe umeigawa na kuipanda upya.

Swali hilo hilo linamhusu mfumaji wa mikeka anayetafuta malighafi, mwanafunzi wa botania aliyetumwa kukusanya mimea, na kikundi cha kijiji kinachotaka kurudisha uoto wa kinamasi kilichoharibiwa. Kila mmoja wao anahitaji jina sahihi la mmea. Ushauri wangu kwao ni mmoja: usiamue kwa jani. Ng'oa mmea mzima, usome kuanzia chini kwenda juu, na hukumu ya mwisho uiachie tunda.

Jamii ya ndago, ambayo kitaalamu huitwa Cyperaceae, ina spishi zaidi ya 5,000 duniani, na zinazopatikana Afrika Mashariki ni mamia. Nyingi kati yake, zikiwa bado changa, ni kichaka cha majani membamba ya kijani na basi. Kwa hiyo anayejaribu kuzitambua kwa picha ya majani pekee anabahatisha.

Kwanza, hakikisha ni ndago

Kinamasini ndago huishi pamoja na mimea mingine inayofanana nayo: nyasi, matete, Typha, na Juncus. Vipimo vya kuitenga ni vichache, na vyote vinafanyika kwa vidole na kisu kidogo.

Shika shina chini kidogo ya maua ulizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada. Ndago nyingi zina shina la pembe tatu, na utazihisi pembe hizo zikipita moja baada ya nyingine. Likate shina: la ndago kwa kawaida limejaa nyama laini nyeupe, wakati la nyasi kwa kawaida ni la mviringo, lina vifundo, na kati ya kifundo na kifundo mara nyingi ni tupu. Matete, kwa mfano, yana pingili zinazoonekana wazi tangu chini hadi juu. Shina la ndago kwa kawaida hupanda bila kifundo mpaka kwenye shada la maua.

Halafu tazama jinsi majani yalivyopangika. Ukiutazama mmea kwa juu, majani ya nyasi yamekaa safu mbili zinazoelekeana, ya ndago yamekaa safu tatu. Mwisho chunguza ala, yaani sehemu ya chini ya jani inayolizunguka shina. Kwenye nyasi nyingi ala imepasuka upande mmoja na unaweza kuifungua kwa ukucha. Kwenye ndago imeungana kuwa mrija usio na mwanya. Kipimo hiki nakiamini kuliko cha pembe tatu, kwa sababu zipo ndago zenye shina la mviringo kabisa, na aliyekariri pembe tatu peke yake huzitupa kando akidhani si ndago.

Typha haisumbui ikiwa imechanua, maana ina suke nene la kahawia juu ya shina refu. Juncus hutambulika kwa ua lake: lina vipande sita vidogo vinavyozunguka tunda, na tunda lenyewe ni kidonge kinachopasuka na kumwaga mbegu nyingi. Ndago huzaa mbegu moja tu katika kila tunda.

Chimba, usivute

Kosa la kawaida ni kuuvuta mmea kwa mkono. Shina hukatika, na sehemu yenye habari muhimu hubaki matopeni. Tumia jembe dogo au panga, chimba kwa upana, kisha uoshe udongo taratibu kwenye maji.

Ukishaosha, jiulize: kuna mizizi membamba tu iliyotoka kwenye shina moja? Hiyo huenda ni ndago ya msimu mmoja. Kuna shina nene linalotambaa chini ya ardhi na kuchipua machipukizi mapya? Hiyo ni ya kudumu. Kuna nyuzi nyembamba zenye viazi? Angalia viazi hivyo vimekaaje: vimefuatana kwenye uzi mmoja, au kila kimoja kimekaa peke yake mwisho wa uzi? Jibu la swali hili dogo, kama tutakavyoona, linatenganisha spishi mbili ambazo hata wazoefu huzichanganya.

Shina na jani

Hapa andika unachokiona bila haraka. Je, shina lina pembe kali, butu, au ni la mviringo? Lina urefu gani? Majani yapo, au yamebaki kuwa ala tupu za kahawia chini ya shina? Ncha ya jani inachongoka ghafla au inapungua polepole? Pitisha kidole kwa uangalifu kwenye ukingo wa jani, kwa kuwa baadhi zina meno madogo yanayokata ngozi.

Mfano mzuri wa kutumia mkono kuliko macho ni Cyperus articulatus, ndago ya kwenye maji yenye shina la mviringo na karibu haina majani. Likiwa bichi, shina lake huonekana laini kama mengine. Lipitishe katikati ya vidole viwili ukilibana kidogo, utahisi vizuizi vilivyopangika ndani yake kimoja baada ya kingine. Likikauka vizuizi hivyo huonekana kwa nje kama pete.

Shada la maua

Juu ya shina, tazama majani yanayolizunguka shada kwa chini. Ni mangapi? Ni marefu kuliko shada lenyewe, au mafupi? Kisha tazama shada limejengwaje: ni kichwa kimoja kilichobanana, au ni vijiti vingi vilivyotawanyika kutoka sehemu moja, kila kimoja kikiwa na visuke mwishoni?

Kuna hila moja ya kujihadhari nayo. Baadhi ya ndago huonekana kana kwamba maua yametokea ubavuni mwa shina. Ukweli ni kwamba shina limeishia pale pale kwenye maua, na kinachoendelea juu ni jani moja lililosimama wima likijifanya shina. Ndivyo zilivyo nyingi za kundi la Schoenoplectus, na ndivyo ilivyo Cyperus laevigatus.

Eleocharis ni rahisi zaidi: haina majani ya kuonekana, na kila shina lina kisuke kimoja tu kileleni. Kyllinga nazo hubeba kichwa kimoja kidogo kilichobanana, cheupe au cha kijani, kikiwa kimekaa juu ya majani machache yaliyotanda.

Kisuke na tunda

Sasa unahitaji kioo cha kukuzia, kile cha mara kumi kinatosha. Kisuke ni mkusanyiko wa magamba madogo, na kila gamba limefunika ua moja. Swali la kwanza ni mpangilio wa magamba. Kwenye Cyperus yamejipanga safu mbili zinazopishana kushoto na kulia, kama nywele zilizosukwa msuko mmoja, na kisuke huwa bapa. Kwenye Fimbristylis, Schoenoplectus, Eleocharis na Bolboschoenus magamba huzunguka mhimili pande zote, na kisuke huwa cha mviringo. Ukilijua hili pekee umeshapunguza orodha ya majina kwa sehemu kubwa.

Swali la pili ni stigma, vile vinyuzi vinavyochungulia nje ya gamba wakati ua limekomaa. Vihesabu. Vikiwa vitatu, tunda kwa kawaida lina pembe tatu. Vikiwa viwili, tunda huwa bapa. Tunda lenyewe ni dogo, gumu, na halipasuki. Chukua kisuke kilichokomaa, kisugue taratibu juu ya karatasi nyeupe, matunda yatadondoka. Angalia umbo, rangi, na kama uso wake ni laini au una vijishimo. Mmea unaweza kubadilisha urefu kwa sababu ya kina cha maji, na ukabadilisha rangi ya majani kwa sababu ya jua au rutuba. Umbo la tunda haliyumbi hivyo. Ndiyo maana vitabu vya utambuzi hulipa uzito wa mwisho.

Kwa wanaofanya kazi milimani, kama vile kwenye vinamasi vya Mlima Kenya, Aberdare, Kilimanjaro au Rwenzori, liko jambo la ziada. Huko kuna ndago za Carex, ambazo tunda lake limefungwa ndani ya kifuko kidogo chenye umbo la chupa. Ukikiona kifuko hicho, usipoteze muda kwenye Cyperus. Carex runssoroensis ya Rwenzori hujenga matuta makubwa ya majani ambayo wapanda mlima huyakanyaga ili wasizame kwenye matope.

Ndago mbili za shambani

Tujaribu hatua hizi kwenye spishi mbili zinazosumbua wengi. Cyperus rotundus na Cyperus esculentus zote mbili zilipewa majina hayo na Carl Linnaeus mwaka 1753, zote zina shina la pembe tatu na viazi ardhini, na zote huota kwenye mashamba yenye unyevu.

Chimba Cyperus rotundus na utakuta viazi vyeusi au vya kahawia iliyoiva, vyenye magamba, vimefuatana kwenye uzi mmoja mgumu. Ukikivunja kimoja hutoa harufu kali, na ladha yake ni chungu. Majani ni ya kijani kilichokolea, na ncha yake huchongoka ghafla. Visuke ni vyekundu vya kahawia, wakati mwingine vikielekea zambarau.

Chimba Cyperus esculentus na utakuta kila kiazi kimekaa peke yake mwishoni mwa uzi wake. Ni cha mviringo, na kikikomaa kina utamu unaokaribia njugu. Watu wa nchi nyingi hukila, na Hispania hutengeneza kinywaji kwa viazi vyake. Majani ni ya kijani kilichofifia, ncha yake hupungua polepole hadi kuwa nyembamba sana. Visuke ni vya rangi ya manjano au ya majani makavu.

Usitegemee rangi ya visuke peke yake, kwa sababu visuke vichanga na vilivyozeeka hudanganya. Mpangilio wa viazi ndio ushahidi. Wala usionje kiazi cha shamba lililopigwa dawa ili kupata jibu la haraka. Macho na pua vinatosha.

Sasa zilinganishe na ndago za jarubani ambazo hazina viazi kabisa. Cyperus difformis ina mizizi myembamba tu, shina laini la pembe tatu, na visuke vidogo mno vilivyokusanyika kuwa vichwa vya mviringo vilivyobanana. Cyperus iria nayo haina viazi, lakini visuke vyake vya manjano vimeachana na kupangika kwenye masuke marefu. Fimbristylis littoralis utaijua kwa majani yaliyobanwa bapa chini ya shina na kutanda upande mmoja na mwingine, na visuke vidogo vya mviringo vya kahawia vilivyotawanyika juu.

Faida ya kuzitenga iko mfukoni mwa mkulima. Hizi za mbegu unazimaliza kwa kuzing'oa kabla hazijazaa na kwa kusimamia maji jarubani tangu mwanzo wa msimu. Cyperus rotundus haimalizwi kwa kufyeka juu. Inahitaji kulimwa kiangazi ili viazi vitolewe juu na kukaushwa na jua, kuokotwa, na kurudiwa kwa subira. Kama unatumia dawa, mwoneshe ofisa ugani mmea mzima, pamoja na viazi vyake, kabla hujanunua chochote.

Mafunjo na yanayofananishwa nayo

Mafunjo, yaani Cyperus papyrus, hayafichiki. Hufika urefu wa meta nne hadi tano, na hutanda kandokando ya Ziwa Victoria, Ziwa Naivasha, kinamasi cha Yala, na mabonde mengi ya Uganda na Rwanda. Hata hivyo watu huita mafunjo kila mmea mrefu wa majini, na hapo ndipo malighafi isiyofaa inapokatwa na takwimu za uhifadhi zinapoharibika.

Yatambue hivi: mashina hutoka kwenye shina nene linalotambaa, chini yana ala za kahawia tu badala ya majani, na juu kuna kishungi kikubwa cha vijiti vya kijani vyembamba mno, mara nyingi zaidi ya mia moja kwenye shina moja. Ukiona shada kubwa lakini chini kuna majani marefu ya kweli na juu majani mengine yametanda kulizidi shada, hayo si mafunjo. Huenda ni Cyperus dives. Ukiona majani mapana yenye ukingo mkali, yale yanayovunwa kwa kufuma mikeka na vikapu katika nchi za maziwa makuu, fikiria Cyperus latifolius.

Mahali pia husaidia. Cyperus laevigatus niliyoitaja juu huvumilia chumvi na magadi, kwa hiyo utaikuta kando ya chemchemi na maziwa ya Bonde la Ufa kama Bogoria na Magadi, ambako mafunjo hayaoti. Lakini mahali ni dokezo tu. Usiupe mmea jina kwa sababu umeukuta ulikotarajia kuukuta.

Sampuli inayojibu maswali

Wakati mwingine utafika mwisho wa hatua zote na bado huna uhakika. Hapo chukua sampuli na umpelekee mtaalamu. Sampuli nzuri ina mizizi, viazi kama vipo, msingi wa shina, majani na shada lililokomaa. Mmea mrefu ukunje mara mbili au tatu ulingane na gazeti. Mafunjo yakate vipande: sehemu ya chini, kipande cha shina, na kishungi. Laza mmea katikati ya magazeti, ukandamize kwa mbao, na ubadilishe magazeti kila siku katika siku za mwanzo ili usivunde.

Andika papo hapo yale ambayo mmea mkavu hautayasema: mahali na tarehe, kina cha maji, aina ya udongo, urefu wa mmea, rangi ya visuke ukiwa mbichi, na jina wanaloliita wenyeji. Kama una simu, piga picha tano: mmea ulipoota, mizizi iliyooshwa, shina lililokatwa, shada zima, na kisuke kilichowekwa kando ya rula. Omba ruhusa kwa uongozi wa kijiji au hifadhi kabla ya kuchimba. Vaa buti za mpira, kwa maana kichocho huambukizwa majini, na usiingie kinamasi chenye viboko au mamba bila mtu anayekifahamu.

Sampuli hiyo inaweza kulinganishwa na zilizohifadhiwa kwenye Hebaria ya Afrika Mashariki katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, Hebaria ya Taifa ya Tanzania iliyoko Arusha, au hebaria za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Makerere. Kwa anayesoma Kiingereza, kitabu cha Richard Haines na Kåre Lye cha mwaka 1983 kuhusu ndago za Afrika Mashariki kina michoro ya kila kiungo nilichokitaja. Kuna pia juzuu la Cyperaceae la mfululizo wa Flora of Tropical East Africa, lililotoka mwaka 2010. Usishtuke ukikuta mmea mmoja una majina mawili. Vitabu vya zamani vilitenga Kyllinga, Pycreus na Mariscus, lakini watafiti wa miaka ya karibuni, kwa kutumia vinasaba, wameziingiza ndani ya Cyperus. Andika jina pamoja na kitabu ulikolitoa, na utata huo utakwisha.

Hakuna kati ya hatua hizi inayohitaji maabara. Zinahitaji jembe, kisu, kioo cha kukuzia, rula na uvumilivu wa kuusoma mmea mpaka mwisho. Mabwana shamba wazifundishe vijijini, na walimu wa baiolojia wawatoe wanafunzi darasani wakafanye zoezi hili kwenye mtaro au bonde lililo karibu na shule. Nawe msomaji, mara nyingine utakaposimama mbele ya ndago usiyoijua, usiifyeke wala usiipe jina kabla hujaona mizizi yake na kulihesabu pembe tunda lake.